Asidi inakula chuma badala ya kula kutu tu, nifanyeje wakuu?

Fundi_Kizota: Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma natengeneza mageti, kabla ya rangi nazamisha vyuma kwenye pipa la plastiki lenye haidrokloriki asidi niliyopunguza kwa maji ili kutu na lile gamba jeusi la kiwandani vitoke. Sasa nikichelewa kidogo tu chuma kinatoka na vishimo kama kimedonolewa na kuku, mapovu kibao na asidi inaisha nguvu mapema. Mteja mmoja kaniambia kuna dawa inachanganywa humo chuma kisiliwe. Ni kweli? Na ikizuia asidi, kutu itatokaje?

mkemia_wa_kati: Ni kweli kabisa mkuu. Dawa haiui asidi, inakaa juu ya chuma. Ni kemikali za kikaboni zenye naitrojeni au salfa ndani yake, mfano heksamini na thayourea, hizo atomu zina elektroni za ziada ndo zinashikana na chuma kikishakuwa wazi na kufanya utando mwembamba sana. Kutu yenyewe ni oksaidi, asidi inaendelea kuiyeyusha, ila ikifika kwenye chuma kitupu inakuta pameshafunikwa. Yale mapovu ni haidrojeni, yakipungua ujue dawa imeshika. Ila thayourea usiishike mikono mitupu, na heksamini ikiwa ndani ya asidi inatoa fomalini, fanyia kazi nje penye upepo.

Binti_Mvumi: Kaka kabla hujanunua jaribu mwarobaini, huku kwetu si umejaa? Chemsha majani, chuja, changanya. Watafiti wameshaupima kwenye asidi, na mlonge pia, inazuia. Ubaya wake maji yake yanachacha, tumia yakiwa mapya.

Fundi_Kizota: Nitajuaje imefanya kazi, kwa macho tu?

mkemia_wa_kati: Pima. Chukua misumari miwili ya kawaida, isiwe ile ya zinki, ipime kwa mzani wa sonara, mmoja kwenye asidi tupu mwingine kwenye asidi yenye dawa, masaa sawa, osha kausha pima tena. Tuseme wa kwanza umepungua gramu 0.40 na wa pili 0.06, basi dawa imeokoa 0.34 kati ya 0.40, yaani 85%.

Fundi_Kizota: Asante sana mkuu. Pipa langu linakaa juani mchana kutwa, ina shida?

mkemia_wa_kati: Kubwa sana, hasa hili jua letu la mwezi wa 11. Joto linaongeza kasi ya asidi na dawa nyingi zinabanduka kwenye chuma. Hamishia kivulini leo leo.