ECG tatu, majibu matatu: niamini ipi?

Kivuli cha Mbuyu: Wakuu, salaam. Nina miaka 52. Mwezi wa sita nilipimwa mishipa ya moyo, mmoja umeziba asilimia 70. Shida ni ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Ya kwanza safi. Wiki mbili baadaye wakaandika LBBB, eti umeme wa kushoto haupiti. Jana nimepima tena, safi! Mashine mbovu au? Msinitishe, usiku silali.

Mama Tatu: Pole kaka. Marehemu baba moyo ulimsumbua miaka tisa, akaacha chumvi, akawa anakunywa maji ya kitunguu saumu kila asubuhi. Alikuja kufa kwa malaria. Na uwasamehe waliokukosea.

Chizi Fresh: Umeme unakatika na kurudi? Mkuu, moyo wako uko kwenye mgao. Nunua jenereta.

Daktari Kijiweni: Zote tatu zinaweza kuwa kweli. ECG inachukua sekunde kama kumi tu. Njia za umeme wa moyo zinalishwa damu na mishipa hiyohiyo inayoziba. Kuna mtu mapigo yakienda mbio, ile ya kushoto inagoma, akitulia inapitisha tena. Chukua karatasi yako: kiboksi kidogo kimoja ni sekunde 0.04. QRS, lile wimbi lenye ncha, likifika viboksi vitatu, umeme unachelewa. Siku ile mapigo yalikuwa mangapi? Umewahi kuzimia?

Kivuli cha Mbuyu: 104, lifti ilikuwa mbovu nikapanda ngazi. QRS milisekunde 148, yaani sekunde 0.148. Siku nyingine mapigo 70 na 66. Kuzimia hapana, kizunguzungu tu cha kawaida.

Daktari Kijiweni: Kilikukuta umesimama au umekaa?

Kivuli cha Mbuyu: Nimekaa.

Daktari Kijiweni: Umekaa wapi?

Kivuli cha Mbuyu: Kwenye usukani. Haya basi. Naendesha semi, Dar–Tunduma. Napandisha Kitonga giza likaja, nazinduka utingo ndiye kashika usukani. Sekunde chache tu, jamani! Ijumaa napakia, posho nimeshachukua, ada ya mtoto inanisubiri. Na tangu juzi nameza atenolol za mama mkwe, nusu nusu, mapigo yasikimbie.

Mama Tatu: Mwanangu anapita hiyo njia kila mwezi!

Hakimu wa Mtaa: Chai hii. Dereva wa semi na QRS 148 wapi na wapi? Februari uliuza kuku humu ukasema wewe ni mwalimu.

Kivuli cha Mbuyu: Imechapwa juu ya karatasi, nimenakili tu. Mwalimu ni mke wangu, akaunti tunatumia wote.

Chizi Fresh: Kuku bado wapo?

Daktari Kijiweni: Hata kama ni chai, kuna atakayesoma ana shida ya kweli. LBBB na kuzimia: huenda kuna muda umeme unakatika pande zote mbili. Atenolol nayo inauchelewesha umeme, hiyo si dawa yako. Usimeze nyingine, nenda hospitali leo, waambie umemeza ngapi. Omba Holter, kile kifaa unavaa saa 24. Wengine huishia kuwekewa betri ya moyo. Usukani usiuguse.

Kivuli cha Mbuyu: Tajiri akisikia betri, gari anampa mwingine. Nimalize hii safari moja tu. Pale Kitonga nitamwachia utingo.

Chizi Fresh: Utingo ana leseni?

Kivuli cha Mbuyu: Ana lena.