Majeruhi wa ajali ya gari: alipwe kwanza, au kwanza athibitishe nani alikosea?

Mleta mada

Mtu amegongwa na gari, mguu umevunjika. Katika nchi nyingi hapati fidia ya maana mpaka athibitishe mambo mawili: kwamba dereva alifanya uzembe, na kwamba uzembe huohuo ndio uliomvunja mguu. Mzigo wote ni wake. Aliyelala kitandani na chuma mguuni ndiye atafute mashahidi, ndiye afuatilie mchoro wa ajali kwa askari wa trafiki, ndiye atunze kila risiti ya dawa. Upande wa pili kuna kampuni ya bima yenye mkadiriaji wake (mtu wa kupima hasara na kupendekeza malipo), wakili wake, na muda wa kutosha.

Msimamo wangu ni huu: kwa madhara ya mwili, bima ilipe bila kuuliza nani mkosaji. Mkosaji atafutwe baadaye, na anayemtafuta awe mwenye nguvu za kufanya hivyo. Gari lililobonyea nalitoa kwenye hoja. Bati halisikii maumivu, linaweza kusubiri.

Wapo waliothubutu. New Zealand iliunda tume chini ya Jaji Owen Woodhouse, ikatoa ripoti yake mwaka 1967, na mfuko wa taifa wa kuwafidia walioumia ajalini ukaanza kazi tarehe 1 Aprili 1974. Aliyeumia ajalini, awe dereva, abiria au mtembea kwa miguu, anahudumiwa hata kama kosa ni lake. Aliyekuwa na kipato akashindwa kurudi kazini analipwa kila wiki asilimia 80 ya kipato hicho, baada ya wiki ya kwanza kupita. Fedha zinatoka kwenye tozo ya petroli, ada za magari, waajiri na wenye vipato. Haya, nipingeni.

Wakili

Mkuu, umetusimulia mapokezi ukaficha mahari. Wale watu walitoa kitu ili wapate mfuko huo: haki ya kumpeleka mkosaji mahakamani kudai fidia ya kawaida ya majeraha. Kimebaki kidirisha kidogo cha fidia ya kumwadhibu mtu aliyevuka mipaka kabisa, basi.

Mahakama humtazama mtu. Kidole gumba cha fundi cherehani si sawa na cha karani, hata kama mfupa ni uleule. Jedwali la mfuko haliwezi kumtazama mtu kwa namna hiyo.

Tena mnaisema sheria ya uzembe kana kwamba ni ya kupata vyote au kukosa vyote. Uingereza iliachana na hilo mwaka 1945: aliyechangia kuumia kwake hukatwa sehemu tu. Kuhusu mkanda, kesi ya Froom dhidi ya Butcher iliweka kipimo ambacho hadi leo kinatumika. Kama mkanda ungezuia jeraha lote, anakatwa asilimia 25. Kama ungelipunguza, asilimia 15. Kama usingebadili kitu, hakatwi. Hiyo ndiyo haki yenye mizani, na mizani hiyo haipatikani bila kuuliza nani alifanya nini.

Abiria wa kiti cha nyuma

Wakili, nisikilize kidogo. Magari mawili yaligongana kwenye makutano, kila dereva akaapa kwamba taa yake ilikuwa ya kijani. Mimi nilikuwa nyuma, nimefunga mkanda, nasinzia. Hebu nipime kwa mizani yako, mimi nilichangia nini?

Bima ya gari nililopanda ikanielekeza kwa bima ya gari la pili. Ya pili ikanirudisha kwa ya kwanza, kwa barua yenye lugha nzuri. Mwezi wa saba tangu ajali nikaitwa ofisini. Kuna kiasi fulani tayari, nikiweka sahihi naondoka nacho, na kwa sahihi hiyo sitadai tena chochote kuhusu ajali ile, kinachojulikana na kisichojulikana. Maneno hayo mawili ya mwisho niliyasoma nikayapita. Nilikuwa na deni la hospitali.

Miezi minne baadaye bega likaganda. Daktari akasema upasuaji. Niliporudi kwa mkadiriaji alinipokea kwa upole, akaniletea hata maji ya kunywa, kisha akanionyesha sahihi yangu.

Mshughulikia madai

Pole sana ndugu abiria, nasema kwa moyo. Nafanya kazi ya aina hiyo na naijua karatasi hiyo. Ushauri wa bure kwa wengine: usisaini ya mwisho kabla daktari hajaandika kwamba hali yako imetulia na haitarajiwi kubadilika. Omba malipo ya awali kwa maandishi. Unaweza kukataliwa, lakini barua yako inabaki kwenye jalada. Na chunga ukomo wa muda wa kufungua shauri. Uingereza kwa kawaida ni miaka 3, kwingine ni mfupi zaidi, na mazungumzo na bima si lazima yausimamishe. Nimeona watu wakijadiliana nasi vizuri tu mpaka siku ya mwisho ikapita.

Lakini mleta mada, hesabu zako nazikataa. Michigan, Marekani, ilianza mwaka 1973 kutoa matibabu yasiyo na kikomo, maisha yote, bila kuuliza kosa. Mchango wa bima ukapanda hadi kuwa miongoni mwa iliyo ghali kabisa nchini humo, na sheria ikarekebishwa mwaka 2019 ili mtu aweze kuchagua kiwango kidogo. Jimbo jingine la huko, Colorado, wao waliufuta kabisa mfumo wao wa namna hiyo mwaka 2003. Kila fidia ina mlipaji, naye ni yule dereva ambaye hajawahi kugonga hata kuku.

Mtembea kwa miguu

Swali dogo. Mlevi akiingiza gari ukutani peke yake, saa nane usiku, naye analipwa?

Mleta mada

Analipwa, ndiyo, kwa mfumo wa New Zealand. Na nakiri hapo hata mimi koo linakauka kidogo.

Ndiyo maana napenda zaidi walivyofanya Wafaransa. Sheria yao ya tarehe 5 Julai 1985, ambayo watu huiita kwa jina la waziri wa sheria wa wakati huo, Robert Badinter, inatenganisha aliyeshika usukani na asiyeushika. Mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli na abiria hawaulizwi makosa yao walipoumizwa na chombo cha moto, isipokuwa kosa lisilosameheka ambalo peke yake ndilo lililoleta ajali. Mtoto wa chini ya miaka 16 na mzee wa zaidi ya 70 hata hilo hawaulizwi, labda wawe wamelitafuta jeraha kwa makusudi. Dereva ndiye anayebaki kuulizwa: kosa lake linaweza kumpunguzia fidia au kumnyima. Mlevi wako atajibu mwenyewe.

Wakili, hapo mizani yako ipo. Imewekwa tu mbele ya mtu anayestahili kupimwa.

Wakili

Hapo tunaanza kuelewana, lakini sijaondoa hofu yangu. Serikali zinapenda kukopa nusu ya wazo. Tazameni Afrika Kusini: wana mfuko wa ajali za barabarani unaolishwa na tozo ya mafuta. Tangu tarehe 1 Agosti 2008 majeruhi hawezi tena kumdai dereva kile ambacho mfuko haukulipa, na Mahakama ya Katiba ilikubali mpango huo mwaka 2010. Bado, ili mfuko wenyewe umlipe, lazima athibitishe uzembe. Amenyang'anywa haki ya kushtaki kama kule New Zealand, halafu ameachiwa mzigo wa ushahidi kama zamani. Ukipeleka hoja yako bungeni bila tahadhari, hiki ndicho utakachorudishiwa.

Mshughulikia madai

Kwa Wafaransa ongezeni jambo moja ambalo sisi wa bima hatulitangazi. Kule kampuni haingoji kuburuzwa. Inatakiwa kumpelekea aliyeumia mwilini ofa ndani ya miezi 8 tangu ajali, na kama hali yake haijatulia, ofa hiyo inakuwa ya muda. Akikubali na kusaini, ana siku 15 za kubadili mawazo.

Abiria wa kiti cha nyuma

Siku 15 zisingenisaidia, bega lilingoja miezi minne. Hiyo ofa ya muda ndiyo niliyoihitaji. Ningelipa hospitali, karatasi ya mwisho nikaiacha palepale mezani pake.