Msalaba wa Giewont: Kuźnice au Strążyska, na ile foleni ya minyororo

buti_na_kamba
Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wanaoijua milima ya Tatra ya Poland. Tupo watatu, tutakuwa Zakopane wiki nzima kuanzia tarehe 10 Agosti, na siku moja tunataka tufike Giewont (mita 1894), pale kwenye msalaba wa chuma wa mwaka 1901. Pumzi tunayo, ila mmoja wetu hajawahi kushika mnyororo mlimani. Tupandie Kuźnice au bonde la Strążyska? Tukiondoka saa 8 usiku ili tuone jua likichomoza msalabani, inawezekana? Na je, kupanda gari la kebo hadi Kasprowy Wierch halafu kufuata mgongo wa mlima kunaokoa muda?

mawe_ya_chokaa
Karibu, mkuu. La jua kuchomoza lifute kabisa. Ndani ya hifadhi ya Tatra ni marufuku kutembea gizani kuanzia Machi 1 hadi Novemba 30. Anzeni kunapopambazuka; tiketi ya siku inunuliwe mtandaoni mapema msipoteze muda getini. Magari binafsi hayaruhusiwi kufika Kuźnice, kwa hiyo ni basi dogo au miguu.

Pandeni kwa alama za buluu kutoka Kuźnice (kama mita 1010). Mtapita Kalatówki, kisha Hala Kondratowa. Hadi hapo ni njia pana, kiasi cha saa moja na robo. Baada ya hapo inakuwa na mwinuko mkali: ngazi za mawe za zigizaga hadi kipito cha Kondracka Przełęcz, mita 1725. Jazeni maji kabla ya sehemu hiyo, lita 2 kila mtu, maana juu hakuna chemchemi. Kutoka kipitoni ni mwendo mfupi hadi Wyżnia Kondracka Przełęcz, na hapo ndipo minyororo na foleni vinapoanzia. Jumla kwenda juu hesabuni saa 3 bila foleni.

Kushuka, mawe yakiwa makavu, fuateni alama nyekundu kupitia Grzybowiec hadi Strążyska, msirudie njia ileile. Mawe yakiwa yamelowa, rudini Kuźnice bila ubishi. Ile nyekundu ina mteremko mkali wa mawe ya chokaa ambao huadhibu magoti na kuteleza kama sabuni.

Na tarehe 15 Agosti msiguse. Ni sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Poland nzima ina mapumziko, na nusu yao utadhani wamekubaliana kukutana Giewont. Chagueni Jumanne au Jumatano.

fundi_minyororo
Naongezea la kilele, kwa ajili ya huyo mgeni wa minyororo.

Kilele kinazungukwa kwa njia ya upande mmoja: unapanda upande huu, unashuka ule. Kurudi nyuma huruhusiwi, hivyo mwenye hofu aamue pale chini, si katikati. Penye nafasi ni dakika 15 tu, penye watu ni saa nzima au zaidi.

Mnyororo wenyewe si mgumu. Kinachowaangusha watu ni jiwe: limesuguliwa na nyayo za zaidi ya karne mpaka linang'aa. Uzito uwe miguuni, soli nzima ikanyage mwamba. Mkono kwenye mnyororo ni wa kusawazisha tu. Kila kipande kati ya pini na pini kiwe na mtu mmoja, kwa sababu ukiuvuta pembeni unamyumbisha aliye juu yako. Fimbo za kutembelea ziingie kwenye mkoba kabla ya kuanza, si zikining'inia mkononi. Kofia ngumu inafaa, maana mawe hudondoshwa na wa juu.

Juu ni pafupi na papana kidogo tu, na upande wa kaskazini genge linashuka takriban mita 600. Msichungulie kutafuta picha. Na msikubali "njia ya mkato" kuelekea Zakopane kupitia makorongo ya upande huo. Mji unaonekana karibu kama unaweza kuudondokea, na ndivyo inavyotokea kweli: korongo huanza na majani laini, likaishia ukutani ambako huwezi kupanda wala kushuka. Wengi wamekufa hivyo.

Msalaba nao haupandwi. Ni mnara wa kihistoria uliosajiliwa. Urefu wake mita 17.5, ila 2.5 zimo ndani ya mwamba. Ukiwa chini yake utaona ni vipande vilivyounganishwa, si nguzo moja: vipo kama 400, jumla kilo 1819. Vililetwa kwa mikokoteni ya farasi hadi Hala Kondratowa, kisha waumini wa parokia ya Zakopane wakavibeba mabegani, na saruji na maji juu yake.

radi_haina_rafiki
Mmesahau kubwa kuliko yote. Agosti 22, 2019 radi ilipiga kilele hiki: watu 4 walikufa upande wa Poland, wawili wao watoto, na zaidi ya 150 wakajeruhiwa. Wengi hawakupigwa moja kwa moja. Umeme ulisafiri kwenye minyororo na mwamba uliolowa. Kwa hiyo msalaba si kinga ya radi kwa aliye chini yake. Ni mlingoti wa kuiita.

Mawingu yakianza kuvimba kama koliflawa, geukeni hata kama mmebakiza mita 50. Baada ya mmweko wa radi hesabu sekunde hadi ngurumo, gawanya kwa 3, ndizo kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, mmechelewa tayari. Nywele zikisimama au chuma kikivuma, achia mnyororo mara moja, shuka, tawanyikeni. Aliyekwama achuchumae miguu pamoja, asiegemee mwamba. Simu ya waokoaji wa mlimani, TOPR, ni 601 100 300, au 112.

Hilo ndilo jibu la gari la kebo pia. Kutoka Kasprowy Wierch (mita 1987) mtapita Kopa Kondracka (mita 2005) halafu mshuke karibu mita 280 hadi kipitoni. Muda mnaookoa ni kidogo, na mtakaa mgongoni saa 2 na zaidi, wazi kabisa. Njia ya kutorokea yenye alama ni moja, ile ya kijani chini ya Kopa Kondracka kurudi Hala Kondratowa. Isitoshe, foleni ya tiketi za kebo mwezi Agosti yaweza kuwachelewesha, mkafika msalabani mchana, saa ya mawingu.

buti_na_kamba
Nimeelewa: Kuźnice alfajiri, Jumanne. Ratiba ikihamia Aprili, je?

mawe_ya_chokaa
Hiyo ni safari nyingine. Kipande chekundu kati ya Grzybowiec na Wyżnia Kondracka Przełęcz hufungwa kuanzia Desemba 1 hadi Mei 15, na Kondratowa ni bonde la maporomoko ya theluji. Minyororo huweza kuwa imefukiwa. Vyuma vya meno vya kiatu na shoka la barafu ni lazima, pamoja na mtu anayejua kuvitumia. Vile vijimeno vya mpira vya kuvalisha juu ya kiatu havitoshi hapo.