Tupeane uzoefu: matangazo ya TV ya wasanii wetu wa maigizo, nani anayakumbuka?

Mleta mada: Wakuu, juzi nilikuwa Tanga namsaidia mama kupanga stoo, nikakutana na kanda tatu za deki za marehemu kaka. Alikuwa anarekodi michezo ya kundi la maigizo la Kaole, ITV. Tangazo likianza tu anabonyeza pozi, asimalize kanda. Moja nimeicheza kwa jirani. Michezo imo yote, ila kilichonishika ni zile sekunde mbili tatu alizochelewa kubonyeza: sura unaijua, anafungua mdomo aongee, imekatika. Zamani tuliona yanatuchelewesha. Leo ndiyo nayatafuta. Kanda mbili zina ukungu, nifanyeje?

Mwana Tanga: Umetaja Tanga bila kumtaja Mzee Majuto? Tangazo lake likipita, mama anaacha mboga inaungua. Hakujifanya mtu mwingine. Alikuja na sauti ile ile ya kwenye filamu.

Mama Wawili: Umenena. Mpaka leo nikiisikia nageuka.

Kijana wa Ze Comedy: Kwa Joti wetu wa Ze Comedy hata hivyo haingii.

Mwana Tanga: Joti alikuwa bado hajazaliwa kisanaa, Majuto anachekesha watu majukwaani! Heshimu wakubwa.

Mdau wa Temeke: Mnagombania nani alichekesha, hamuulizi nani alilipwa. 2018 mzee yuko kitandani, ndipo Waziri Mwakyembe akatangaza kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Agosti 8 mzee akafariki. Mimi matangazo yale siwezi kuyaangalia bila uchungu.

Mama Wawili: Hilo kweli, lakini tuachie na furaha yetu kidogo.

Wa Kakamega: Niruhusuni nami wa Kenya. Baba alifanya kazi Nairobi, nyumbani akatuambia ni karani. Jumatatu tulijazana kwa jirani kumtazama Papa Shirandula, soja, yaani mlinzi, anayemficha mkewe kazi yake. Tulicheka hadi machozi. Kisha likaja lile tangazo la Coca-Cola, Papa anakunywa soda baridi, mwili mzima unatetemeka: Brrr! Kijiji kizima cha watoto kikawa kinatetemeka, hata kwa maji ya kisima.

Nilipomaliza darasa la nane nikatumwa Nairobi kuchukua karo. Nikaelekezwa hadi kwenye geti moja. Aliyenifungulia ni baba, amevaa sare, rungu mkononi. Hakuna aliyesema neno. Niliona aibu, na aibu ile ndiyo inaniuma hadi leo, kwa sababu aliiona usoni mwangu. Akanishika mkono tukavuka barabara hadi kioskini, akanunua soda mbili. Alipopiga funda la kwanza akatetemeka mabega: Brrr! Tukacheka, halafu akalia. Sikuwahi kumwambia mama.

Charles Bukeko, aliyeigiza Papa, alipofariki, 18 Julai 2020, baba alikuwa ameshatangulia. Nililia kama nimewazika wawili siku moja.

Mwana Tanga: Pole sana ndugu yangu. Nimesoma mara mbili.

Kijana wa Ze Comedy: Mwambie mama. Atafurahi kujua mzee alihangaika vipi.

Mama Wawili: Usimwambie! Baba alichagua kumficha, na yeye amelala. Iache siri yenu.

Mdau wa Temeke: Mke wa soja huwa anajua, nakuhakikishia.

Fundi Deki: Mleta mada, kanda zenye ukungu USIZICHEZE. Ukungu unahamia kwenye hedi, unaharibu deki na utepe unakatika. Zifungue skrubu, futa taratibu kwa kitambaa kikavu, halafu icheze mara moja tu huku unarekodi kwenye kompyuta.

Kijana wa Ze Comedy: Mjomba wangu alizianika juani zikapona.

Fundi Deki: Jua linakunja utepe! Jamani msimpoteze mwenzenu.

Mama Wawili: Ziweke kwenye mchele kama simu, hahaha.

Mleta mada: Mchele hapana dada. Wa Kakamega, nimemsimulia mama habari ya baba yako, amekaa kimya muda mrefu, kisha akaniomba nimchezee tena pale kaka alipochelewa kubonyeza. Fundi, uko wapi nikuletee hizi mbili?

Fundi Deki: Niko Tanga hii hii, Ngamiani. Njoo Jumamosi, na mama uje naye.