Kuuziwa kuku chotara mweusi kwa bei ya kuku wa Malawi: huu wizi utaisha lini?

Wakuu, heshima kwenu. Leo nina hasira, mnivumilie.

Kuna muuzaji, jina naliacha, kanitumia kwa basi tenga la "mbegu ya Malawi pyua", jogoo na mitetea yake. Bei ya mbegu, si ya kitoweo. Nafungua tenga, jogoo ana manyoya miguuni! Si mengi, vinyoya vitatu vinne vimechomoza katikati ya magamba, lakini vipo. Shingo ukiigeuzia jua unaona wekundu wa shaba. Nikampindua nitazame nyayo: njano kama embe dodo. Nampigia simu, jibu lake: "Kaka, Malawi si kuku mweusi? Kwani huyo ana rangi gani?"

Huyu tunayemwita Malawi ni Black Australorp. Asili yake ni Orpington weusi wa Uingereza waliopelekwa Australia na kuchaguliwa huko kwa utagaji. Ana alama zake. Weusi wake unang'aa kijani, si zambarau wala kahawia. Upanga mmoja uliosimama, wenye meno. Miguu myeusi au kijivu iliyokolea, haina unyoya hata mmoja, na chini ya nyayo ni nyeupe. Kuku mweusi mkubwa mwenye nyayo za njano huenda ana damu ya Jersey Giant wa Marekani, au ni chotara tu wa mtaani. Jersey Giant sina ugomvi naye, ni kuku mzuri, ila muuze kwa jina lake!

Cha kuchekesha, watu wa kuku ukali wao wanauweka pasipostahili. Kifaranga wa Malawi wa siku moja huwa na weupe tumboni na kwenye ncha za mabawa, jambo la kawaida kabisa, lakini utamsikia mtu akimkataa eti kachanganyika. Jogoo mzima mwenye unyoya mwekundu anapita bila swali.

Halafu wauzaji, hiyo "seti" yenu ya jogoo na mitetea. Wote wametoka mashine moja ya kutotolesha, banda moja, baba mmoja. Ndugu hao! Mnamuuzia mtu kaka na dada azalishe. Vizazi vichache mbele mayai yanagoma kutotoa, vifaranga wanadumaa, mwingine mdomo umepinda, mnamwambia chakula chake ndicho kibovu. Na kwenye matangazo mnamtaja yule kuku wa Australia aliyetaga mayai 364 ndani ya siku 365. Sawa, na mama wa huyu mtetea wangu alitaga mangapi? Daftari liko wapi? Hamna. Mnauza rangi.

Kwenye kuku wa Kuroiler na Sasso ndiyo kumeoza kabisa. Hao ni mahuluti, yaani wa kuchanganya mbegu tofauti, ukiwapandisha wenyewe kwa wenyewe watoto wanatawanyika: mmoja jitu, mwenzake kama kienyeji, utagaji kila mmoja na wake. Bado kuna watu wanatotolesha mayai hayo na kuuza vifaranga kama "Kuroiler orijino", bei ileile.

Anayekuja na "kuku ni kuku tu" apite kimya. Wauzaji mliomo humu, kabla ya kunijibu wekeni picha ya nyayo za jogoo, picha ya shingo juani, na mseme mitetea imetoka banda gani. Na wewe uliyenitumia lile tenga, najua unasoma: hela yangu.