MALALAMIKO: Nimepigwa kalenda ya saa 300 za "kulainisha spika", kumbe amplifaya ndiyo iliyoshindwa kuziendesha

Ndugu wanajukwaa,

Kwa siku 51 nimekuwa nikiambiwa nivute subira. Nilinunua jozi ya spika ndefu za kusimama sakafuni, za daraja la juu, kwa akiba niliyoiweka kwa miaka kadhaa, na tangu jioni ya kwanza zilionyesha kasoro moja iliyo wazi. Kwa sauti ya chini zilipiga vizuri, lakini kila nilipoongeza sauti kidogo ngoma zilipoteza pigo, sauti za waimbaji zikawa kali na za kukwaruza, na mara mbili amplifaya ikajizima katikati ya wimbo. Muuzaji, ambaye sitamtaja, alinijibu kwa maneno ambayo bila shaka wengi wenu mmeshayasikia: "Kaka, spika hizo bado mbichi, zipe saa 300 zilainike." Nikazipa. Kumbe kasoro haikuhusiana na ubichi wa spika hata kidogo. Amplifaya niliyoshauriwa na muuzaji yuleyule haikuwa na uwezo wa kuziendesha, na hadithi ya kulainisha ilitumika kunizungusha mpaka muda wa kurudisha bidhaa ukaisha.

Tazameni hesabu yenyewe, kwa maana ndiyo iliyonikasirisha kuliko yote. Muda niliopewa wa kurudisha spika ulikuwa siku 30. Mtu mwenye kazi na familia akisikiliza muziki saa tatu kila jioni, ambazo kwa kweli ni nyingi, atakuwa amefikisha saa 90 siku ya 30. Kwa hiyo anayekuambia usubiri saa 300 kabla ya kutoa hukumu anakuambia, bila kulitamka, kwamba usitoe hukumu hiyo ukiwa bado na haki ya kurudisha. Sidhani kwamba hesabu nyepesi kama hii iliwahi kumpita mtu anayeuza vitu hivi kila siku.

Saa 210 zilizobaki nilizimaliza kwa njia ninayoona aibu kuieleza. Nilizigeuza spika zikatazamana uso kwa uso kwa umbali wa kiganja, nikabadilisha nyaya za spika moja ili chanya iwe hasi, nikazipigia zote mbili ishara ileile, kisha nikazifunika kwa blanketi nzito. Kwa mpangilio huo koni moja inapotoka nyingine inaingia, na sehemu kubwa ya besi inafutana. Njia hiyo inapunguza kelele kweli, lakini haizimalizi. Kwa majuma matatu, saa 10 kila siku, sebule yangu ilikuwa na kitu kikubwa kilichofunikwa blanketi kikivuma kama maporomoko ya maji yaliyo mbali, na mama watoto akawa ananiuliza kwa upole wa kutisha kama mgonjwa wetu amepata nafuu.

Sasa niseme wazi, kwa sababu najua watakaokuja kunishambulia hapa chini: sisemi kwamba spika mpya hazibadiliki. Zinabadilika, na sababu yake inajulikana. Koni ya wufa, yaani spika ya besi iliyo ndani ya boksi, imeshikiliwa na vitu viwili, mpira unaozunguka ukingo wake, na nyuma yake kitambaa cha mikunjo kilichokaushwa kwa gundi, ambacho huiweka koili ya sauti katikati ya pengo la sumaku. Kitambaa hicho kikitoka kiwandani ni kigumu. Koni ikianza kusogea kwa nguvu, ugumu wa mwanzo huvunjika, na masafa ambayo koni hutikisika kwa urahisi zaidi hushuka. Hesabu za mambo haya si siri ya wachawi. Neville Thiele, mhandisi wa Australia, alizichapisha mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza katika miaka ya 1970, na mpaka leo wufa yoyote ya maana huuzwa ikiwa na jedwali la vipimo vinavyobeba majina yao wawili. Ulaini wa kishikio ukiongezeka kwa asilimia 20, masafa hayo hushuka kwa takriban asilimia 9, yaani hezi 40 (mitikisiko 40 kwa sekunde) huwa karibu hezi 36 na nusu. Lakini wufa haifanyi kazi ikiwa uchi mezani. Imefungwa ndani ya boksi, na hewa iliyomo nayo ni springi, mara nyingi ngumu kuliko kile kitambaa, kwa hiyo tofauti inayobaki masikioni ni ndogo sana. Tena sehemu kubwa ya mabadiliko hayo hutokea mapema, koni inaposogea kwa nguvu kwa mara za kwanza. Haingojei saa ya 299.

Kwa bahati, juma la kwanza nilikuwa nimezipima spika hizi kwa udadisi tu, nikitumia maikrofoni ya vipimo na programu ya bure ya Room EQ Wizard, na faili nilizihifadhi. Baada ya saa 300 nikaiweka maikrofoni palepale nilipokuwa nimeweka alama ya utepe sakafuni, nikarudia. Mistari miwili ya mwitikio, yaani wingi wa sauti katika kila masafa, ililaliana, na mahali ilipoachana zaidi tofauti haikufika nusu desibeli. Katika mchoro wa ukinzani, yaani jinsi spika inavyozuia mkondo wa umeme katika kila masafa (hupimwa kwa omu, kwa umeme na si kwa maikrofoni), kilele cha masafa ya chini kilishuka kutoka hezi 24 hadi 22 na nusu, kama nadharia inavyotaka, na bonde linaloamuliwa na tundu la boksi lilibaki palepale kwenye hezi 36. Hayo ndiyo mavuno yote ya majuma saba na blanketi moja iliyochakaa.

Ni mchoro huohuo wa ukinzani ulionifungua macho, kwa kuwa safari hii niliutazama wote badala ya kutazama upande wa besi peke yake. Spika hizi zimeandikwa nyuma "omu 8". Kwenye hezi 120, mahali ambapo ngoma na gitaa la besi vina nguvu nyingi, ukinzani wake umeshuka hadi omu 3.3. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60268-5 kinataka ukinzani wa chini kabisa usipungue asilimia 80 ya ule uliotangazwa. Spika ya omu 8, basi, hairuhusiwi kushuka chini ya 6.4. Spika zangu kwa haki ni za omu 4, na hata hapo zimepenya kwa tundu la sindano, kwa sababu mpaka wa omu 4 ni 3.2.

Msidhani kwamba nabishania maandishi ya kibandiko. Amplifaya niliyoshauriwa ni ya wati 60 kwa omu 8, na kitabu chake hakitaji kabisa nguvu yake kwa omu 4. Ukimya huo ulipaswa kunishtua. Wati 60 kwenye omu 8 ni takriban volti 22, na mkondo unaohitajika hauzidi ampea 2.8. Volti hizohizo zikikutana na omu 3.3, spika inadai ampea 6.6, ambazo ni takriban wati 145. Amplifaya yenye transfoma ndogo na transista chache haiwezi kuutoa mkondo huo, hivyo volti inaporomoka, ncha za mawimbi zinakatwa, na saketi ya kinga ikiona hatari inazima kila kitu. Na wingi wa sauti unaohitajika kufika huko si wa kutikisa madirisha. Muziki ambao tofauti yake ya sauti ndogo na kubwa haijabanwa unaweza kuwa na vilele vya desibeli 20 juu ya wastani wake, na desibeli 20 ni nguvu mara 100. Ukisikiliza kwa wastani wa wati moja tu, kilele cha namna hiyo kinaomba wati 100.

Unyeti nao, yaani wingi wa sauti ambayo spika hutoa kwa umeme inaopewa, una ujanja wake. Tangazo lilisema desibeli 86 kwa volti 2.83 kwenye umbali wa mita moja. Volti 2.83 ni wati moja kama spika kweli ni ya omu 8. Kwenye omu 3.3 ni wati 2.4, kwa hiyo katika eneo lile la ngoma spika inalipwa mara mbili na nusu ili ifanye kazi iliyoahidiwa kwa malipo ya mara moja.

Siku ya 52 rafiki yangu, ambaye ni fundi wa vifaa vya sauti, alikuja na amplifaya yake nzito iliyoandikwa wati 80 kwa omu 8 na wati 150 kwa omu 4. Tuliunganisha nyaya zilezile kwenye spika zilezile. Dakika ya kwanza haikuisha kabla sijasikia tofauti, kwani ngoma zilipiga kifuani, waimbaji wakatulia, na hapakuwa na kilichojizima. Mtu angeweza kusema kwamba spika zilikuwa zimelainika tayari na tulichosikia ni matunda ya subira yangu. Rafiki yangu alilitarajia neno hilo. Akaing'oa amplifaya yake, akairudisha yangu, akapiga wimbo uleule kwa sauti ileile tuliyoipima. Makwaruzo yakarudi, na kwenye dakika ya nne amplifaya ikajizima. Spika iliyokwisha lainika haiwezi kurudia ubichi kwa sababu ya kuchomolewa waya.

Nilimpelekea muuzaji haya yote kwa maandishi, pamoja na michoro. Jibu lake ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Aliandika kwamba amplifaya nayo ni mpya na inahitaji saa 200 za kuzoea, na kwamba nikibadilisha nyaya za spika, nyaya hizo pia zitahitaji muda wake. Kumbe kila kitu katika biashara hii kina saa zake za kuzoea isipokuwa dhamana, ambayo inaanza kuhesabiwa mara tu boksi linapofunguliwa! Na ajabu nyingine, sijawahi kusikia spika ambayo baada ya saa 300 ilizidi kuwa mbaya. Vitu vinavyobadilika bila mpango hubadilika pande zote mbili. Kinachobadilika upande mmoja tu, tena upande unaomfaa muuzaji, aghalabu ni sikio la mnunuzi linalozoea kile lilicho nacho.

Kabla ya kununua nilimuuliza swali moja tu, nalo pia kwa maandishi: je, amplifaya hii itaziweza spika hizi? Akajibu kwamba wati 60 zinatosha kwa chumba cha kawaida. Hakuuliza ukinzani wa chini, wala hakuuliza chumba kina ukubwa gani au nakaa umbali gani na spika. Kuoanisha spika na amplifaya si suala la wati peke yake, na mifano ya zamani inatosha kulionyesha hilo. LS3/5A, spika ndogo iliyobuniwa na BBC ya Uingereza katika miaka ya 1970, ina unyeti mdogo wa takriban desibeli 83, lakini ukinzani wake ulikuwa omu 15 na baadaye 11, kwa hiyo haidai mkondo mkubwa, na watu wengi wameipenda kwa amplifaya za valvu (zile taa za kioo zilizotangulia transista) zenye nguvu ya wastani. Apogee Scintilla ya Marekani, katika miaka ya 1980, iliweza kuwekwa kwenye mzigo wa takriban omu 1, na amplifaya nyingi zilizosifiwa ziliaibika mbele yake. Kwa upande wa valvu kuna jambo la ziada, kwamba ukinzani wa ndani wa amplifaya yenyewe unaweza kufika omu moja, mbili au zaidi, na hapo mwitikio wa sauti huanza kufuata milima na mabonde ya ukinzani wa spika. Tena transfoma zake huwekwa vituo vya omu 4, 8 na 16 ili mzigo wa spika uoane na valvu. Anayejua kuuza vifaa hivi anajua haya. Badala yake nilisomewa kwamba kipimo cha udhibiti wa koni cha amplifaya (uwezo wake wa kuizuia koni isiendelee kutikisika yenyewe) ni 500, namba ya kupendeza isiyo na msaada wowote wakati koili ya wufa peke yake ina omu kadhaa za shaba katika njia hiyohiyo.

Ninachotaka ni kwamba muuzaji azipokee spika au abadilishe amplifaya, na siku 51 zilizopotea zisihesabiwe dhidi yangu, kwa kuwa nilizipoteza kwa maelekezo yake ya maandishi. Nataka pia watengenezaji wa spika waweke kwenye kila tangazo mchoro wa ukinzani, au angalau thamani ya chini kabisa na masafa inapotokea, na wa amplifaya waandike nguvu kwa omu 4 na kwa omu 2, na kama haiwezi waandike kwamba haiwezi.

Mliomo humu mlioambiwa msubiri saa 200, 300 au 500, naomba muandike hapa chini ukinzani wa chini kabisa wa spika zenu, nguvu ya amplifaya zenu kwa omu 4, na mlibaki na siku ngapi za kurudisha mlipopewa ushauri huo. Barua yangu ya tatu kwa muuzaji imekwenda jana. Akijibu, nitalibandika jibu lake hapa neno kwa neno, nikiliondoa jina lake tu.