Naomba ushauri: somo la Tarawa kwa wanafunzi wa S.4 (kidato cha nne)

Habari zenu wakubwa, mimi nafundisha historia huku Jinja na nataka klabu yetu ifanye zoezi la jinsi jeshi linavyopima ulinzi wa adui kisiwani kabla ya kuvamia, nimechagua kisiwa cha Betio pale Tarawa, bahari ya Pasifiki, Novemba 1943, Wamarekani dhidi ya Wajapani.

Kinachonivutia ni vyoo. Wajapani walijenga vyoo vya mbao juu ya maji, basi wachambuzi wa Kimarekani wakavihesabu kwenye picha za ndege, wakapiga hesabu choo kimoja kinatumiwa na watu wangapi, na makadirio yao ya watu wote kisiwani, askari na vibarua, yakakaribia kabisa ukweli, kama 4,800 hivi. Nyambizi Nautilus nayo ilipiga picha za ufukwe kwa periskopu. Yaani kazi safi sana. Lakini maji ndo yaliwaponza, Meja Frank Holland aliyewahi kuishi visiwa vile aliwaonya kuwa maji yatakuwa machache juu ya mwamba wa matumbawe, na kweli boti zikakwama, vijana wakashuka wakatembea majini mamia ya mita huku bunduki za rashasha zinawamiminia. Siku tatu tu, Wamarekani zaidi ya 1,000 wamekufa. Inaniuma kila nikisoma.

Sasa wenzangu, niwape wanafunzi picha kwanza wakadirie wenyewe, au nianze na onyo la Holland? Na mwamba wa matumbawe nitamwelezaje mtoto aliyezoea Nalubaale (Ziwa Victoria) tu, ziwa lisilo na kupwa na kujaa? Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali, kipindi ni wiki ijayo.